Chakula Kinaporudi Usiku: Maisha Baada ya Kupasuliwa Umio katika Mitaa ya Eastlands

Saa nane ya usiku, taa moja inawaka katika ploti ya vyumba kumi na viwili. Mtu ameketi ukingoni mwa kitanda, beseni mapajani, mkono kifuani. Ugali alioula saa tatu umerudi mdomoni bila kichefuchefu wala onyo, pamoja na maji machungu ya manjano. Amekohoa mpaka watoto wameamka. Jirani naye keshaamka, kwa maana katika ploti za Kayole, Dandora na Umoja ukuta hausitiri kikohozi. Asubuhi mtu huyo ataulizwa, kwa upole au kwa mnong'ono, kama amekwenda kupimwa TB.

Picha hiyo si ya mtu mmoja. Ndiyo hali ya wengi waliopasuliwa umio, yaani njia ya chakula itokayo kooni kwenda tumboni. Upasuaji umefaulu, kovu limekauka, na mchana mgonjwa anameza bila taabu. Shida huingia anapolala, kwa sababu njia iliyofunguliwa ili chakula kishuke sasa iko wazi kwa chakula kupanda. Jambo hili lina sababu zinazoeleweka, na nafuu yake kubwa hutengenezwa nyumbani: katika saa ya kula, katika mwinamo wa kitanda, na katika makubaliano ya watu wanaolala chumba kimoja. Ndiyo maana kitanda kinastahili kuzungumzwa wodini kwa uzito ule ule wa dawa.

Mlango uliondoka

Umio wa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Misuli yake hukiminya chakula na kukisukuma chini hata mtu akiwa amelala. Mwisho wake pana msuli unaojikaza kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba, ukisaidiwa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mlango huo ndio unaomwezesha mtu aliyetoka kula kuinama na kufunga viatu bila chakula kumrudia.

Katika upasuaji wa saratani, daktari huondoa sehemu kubwa ya umio pamoja na mlango wenyewe. Kisha mfuko wa tumbo hufanywa mrija mwembamba, huvutwa juu hadi kifuani au shingoni, na kuunganishwa na kipande cha umio kilichosalia. Ivor Lewis, mzaliwa wa Wales, alieleza njia mojawapo ya kufanya hivyo mwaka 1946, na jina lake bado linatajwa katika vyumba vya upasuaji. Neva zinazouamuru mfuko wa tumbo ujimwage nazo hukatwa. Mgonjwa anabaki na mfuko mwembamba uliosimama kifuani, usio na kifuniko, na ambao kwa baadhi ya watu huchelewa kumwaga ulichonacho. Akisimama, uzito wa chakula wenyewe unakishusha. Akilala chali, mfuko na koo huwa usawa mmoja, na nyongo na mabaki ya chakula cha jioni huelekea mdomoni.

Hata hivyo, kufika hapo ni hatua kubwa. Mwaka 1913 mjini New York, daktari Franz Torek alimwondolea mwanamke wa miaka 67 sehemu ya umio yenye saratani, wakati ambapo hakuna aliyejua namna ya kuunganisha kilichobaki. Mwanamke huyo aliishi zaidi ya miaka 10 akila kwa msaada wa mrija wa mpira uliopita nje ya mwili, kutoka tundu la shingoni hadi tundu la tumboni. Wagonjwa wa leo wanakula kwa njia iliyo ndani ya miili yao. Kinachobaki ni kulilinda koo usiku.

Wanaofikwa na jambo hili

Kundi la kwanza ni la wenye saratani. Kenya imo katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio huonekana zaidi kuliko sehemu nyingi za dunia. Makadirio ya mwaka 2018 yaliweka wagonjwa wapya nchini kuwa 4,380 na vifo kuwa 4,351. Mwaka huo hakuna saratani nyingine iliyoua Wakenya wengi kuliko hiyo. Namba hizo mbili zinakaribiana kwa sababu wengi hufika hospitalini wakati hata uji haupiti tena. Kwa hiyo wanaopasuliwa ni wachache kuliko wanaowekewa stenti, yaani mrija wa waya unaojitanua na kushikilia njia wazi. Hospitali ya Tenwek huko Bomet imejulikana duniani kwa kazi ya kuweka stenti. Mwaka 2009 madaktari wake walichapisha katika jarida la Lancet Oncology matokeo ya wagonjwa wanaokaribia 1,000. Stenti ikipita katika mlango wa chini wa umio huuacha wazi, kwa hiyo mwenye stenti hiyo analala na tatizo lile lile la aliyepasuliwa.

Kundi la pili ni la wenye akalasia, ugonjwa ambao mlango wa chini hukataa kufunguka. Hao huzoea kukuta chakula kwenye mto hata kabla ya upasuaji, kwa kuwa kilikuwa hakijafika tumboni kabisa. Tiba yao ya zamani ni kuukata msuli uliokaza, kazi iliyofanywa kwanza na Mjerumani Ernst Heller mwaka 1913. Ukikatwa, mgonjwa anameza, lakini asidi nayo hupata njia. Mwaka 2004 madaktari wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walilinganisha wagonjwa 43. Kati ya 21 waliokatwa msuli pekee, 10 walipata asidi ya kupanda kupita kiasi. Kati ya 22 waliokatwa msuli kisha sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo ikakunjwa mbele ya umio, walioathirika walikuwa 2. Anayesubiri upasuaji wa akalasia ana haki ya kumuuliza daktari wake kama mkunjo huo umo katika mpango.

Kundi la tatu linaumiza moyo zaidi: watoto waliokunywa kostiki soda iliyonunuliwa kwa ajili ya kutengeneza sabuni au kuzibua mabomba, ikahifadhiwa katika chupa ya soda au ya maji. Umio ulioungua hupona kwa makovu na kujibana. Wengine hupanuliwa mara kwa mara, wengine huwekewa kipande cha utumbo mpana mahali pa umio. Kipande hicho nacho hakina mlango.

Kwa nini ni hatari

Ladha chungu na mashuka yaliyochafuka huudhi, lakini hatari yenyewe ni kupaliwa. Macho yakiwa wazi, mtu akipaliwa hukohoa na mambo yakaisha. Akiwa usingizini fofofo, na zaidi akiwa amekunywa pombe au dawa za usingizi, maji ya tumbo huteleza hadi mapafuni bila mwili kushtuka mapema. Kutoka hapo huja nimonia, na kwa mtu ambaye tayari amepungua mwili, nimonia inaweza kumaliza kazi ambayo saratani haikuimaliza.

Katika Eastlands pana mtego mwingine. Kikohozi cha usiku, kukonda na jasho ni dalili ambazo kila mtu hapa amefundishwa kuzihusisha na TB. Kupima makohozi ni jambo jema na lisipuuzwe. Lakini mgonjwa anapoketi mbele ya daktari wa zahanati, aseme mapema kwamba amepasuliwa umio, aonyeshe na karatasi ya kutoka hospitalini. Asiposema, anaweza kupewa antibayotiki leo na nyingine mwezi ujao, na hakuna atakayemuuliza analala vipi.

Saa ya chakula

Desturi ya mitaa hii inapingana na mwili wa mgonjwa. Anayefanya kazi Industrial Area au mjini huondoka jioni, akakwama Jogoo Road au Outer Ring, akafika saa mbili. Sima inasongwa baba akishaingia, sahani zinatolewa wakati wa taarifa ya habari ya saa tatu, na saa nne watu wamelala. Mlo huo ndio mkubwa kuliko yote ya siku. Mfuko wa tumbo wenye afya huhitaji saa nne hivi kumaliza kumwaga chakula kigumu. Mfuko uliovutwa kifuani unaweza kuhitaji zaidi.

Ushauri unaotolewa karibu kila mahali ni kumaliza kula angalau saa tatu kabla ya kulala, na kula kidogo kidogo mara tano au sita badala ya mara tatu. Katika ratiba ya Eastlands, hiyo inaweza kuwa uji saa moja asubuhi, yai na kiazi saa nne, chakula cha mchana saa saba, mala au ndizi saa tisa na nusu, kisha mlo wa mwisho saa kumi na mbili jioni. Familia ikila saa tatu, mgonjwa aketi nao na maji yake kidogo ya uvuguvugu. Hapo ndipo penye ugumu wa kweli, kwa sababu mama aliyepika husikia vibaya mgonjwa anapokataa sahani, na mgonjwa huona haya kukataa. Ni heri jambo hilo lizungumzwe mara moja, mchana, mbele ya wote, kuliko kubishaniwa kila usiku.

Kwa Waislamu wa Pumwani, Majengo na Eastleigh, Ramadhani inaleta swali lake. Futari kubwa, chakula cha usiku, kisha daku na kurudi kulala ni mpangilio mgumu kabisa kwa aliyepasuliwa umio. Dini imemruhusu mgonjwa kutofunga, na ruhusa hiyo ipo kwa ajili ya watu kama yeye. Anayetaka kufunga baada ya kupona azungumze na daktari na imamu wake kabla ya mwezi kuandama.

Nini cha kula jioni? Kilaini, chenye nguvu, chenye mafuta machache. Mafuta huchelewesha mfuko wa tumbo, kwa hiyo chipsi, chapati iliyokolea mafuta, mutura na nyama ya kuchoma vingoje mchana, tena baada ya daktari kuruhusu, kwa kuwa nyama na mkate hupenda kukwama kwenye kiungo kipya, yaani pale mfuko ulipounganishwa na umio uliosalia. Ugali mlaini, ndengu zilizopondwa, sukuma iliyokatwa nyembamba na kuiva, samaki asiye na miiba, viazi na parachichi hupita vizuri. Karanga zilizosagwa zikitiwa katika uji wa asubuhi humrudishia mgonjwa kilo alizopoteza bila kumjaza. Maji yanywewe katikati ya milo, sio kukisindikiza chakula.

Chai inahitaji neno lake. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilisema vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Kwa aliyepasuliwa kuna sababu nyingine pia. Chai yenye sukari nyingi inaweza kukimbia moja kwa moja hadi utumbo mwembamba, na muda mfupi baadaye moyo ukaenda mbio, jasho likatoka, kichwa kikazunguka. Wengi hudhani ni presha au sukari. Kupunguza sukari na kunywa polepole, ikiwa vuguvugu, hutuliza hali hiyo kwa wengi.

Kitanda

Jambo la kwanza ambalo kila mtu hujaribu ni kuongeza mito. Mito miwili au mitatu huinua kichwa na kukunja kiuno, na kiuno kikikunjika tumbo hubanwa na kukisukuma chakula juu. Usiku wa manane mito huteleza na mgonjwa hujikuta amelala bapa. Kinachotakiwa ni kifua chote kuinuka, kuanzia kiunoni.

Kuna njia mbili, na mara nyingi huhitajika zote. Ya kwanza ni kuinua matendegu ya upande wa mchago kwa sentimita 15 hadi 20. Mawe ya kujengea yanatosha, lakini tendegu la chuma huteleza juu ya jiwe. Fundi wa Gikomba anaweza kuchonga vipande vya mbao vyenye shimo la kukalia tendegu, na wale wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kuchomelea vikombe vya chuma. Hata hivyo hesabu ina la kusema. Kitanda cha futi sita kikiinuliwa sentimita 20 hupata mwinamo wa nyuzi 6 tu. Aliye na msuli uliokatwa kwa akalasia anaweza kutosheka na huo. Aliyeondolewa umio kwa kawaida huhitaji nyuzi 30 au zaidi.

Hapo ndipo inapoingia kabari ya sponji. Kipimo chake ni rahisi: kwa nyuzi 30, kimo kiwe nusu ya urefu wa mteremko. Mteremko wa sentimita 70, unaobeba mwili toka kiunoni hadi kichwani, unahitaji kimo cha sentimita 35. Sponji iwe ngumu, ya aina ya godoro lisilobonyea, kwa sababu laini hujikunja usiku ule ule. Kabari ina faida kubwa katika kitanda cha nne kwa sita kinacholaliwa na mume, mke na pengine mtoto mchanga: anayeinuka ni mgonjwa peke yake, wengine wanalala walivyozoea. Blanketi iliyoviringishwa ikiwekwa chini ya magoti humzuia kuserereka. Mwenye kitanda cha ghorofa alale cha chini, na kabari yake.

Kuhusu ubavu, mwili wa kila mgonjwa una jibu lake. Aliye na mfuko wa tumbo mahali pake pa asili, kama waliopasuliwa kwa akalasia, kwa kawaida hupata nafuu akilalia ubavu wa kushoto, kwa sababu umbo la mfuko huacha asidi ikae chini ya mlango. Aliyevutiwa mfuko kifuani hana kanuni moja. Ajaribu kila upande kwa siku chache na aandike katika kijitabu upande uliompa usiku mtulivu.

Chakula kikirudi licha ya yote hayo, mgonjwa aketi wima, ainame mbele kidogo, ateme na kukohoa kwa nguvu. Asukutue kwa maji matupu na asipige mswaki papo hapo, kwa kuwa asidi huwa imelainisha meno. Akae wima nusu saa kabla ya kurudi kwenye kabari. Beseni, taulo na chupa ya maji viwe mahali mkono unapofika gizani.

Dawa na mipaka yake

Omeprazoli inauzwa katika kila kemisti kuanzia Makadara hadi Njiru, na wengi huimeza wanapohisi kiungulia. Hufanya kazi vizuri ikimezwa nusu saa kabla ya kula. Inapunguza asidi, basi. Haizuii chakula kupanda, na haigusi nyongo, ambayo si asidi. Mtu anayesema dawa imekataa mara nyingi anatarajia kidonge kifanye kazi ya kitanda.

Zipo dawa za kuusukuma mfuko ujimwage, kama metoklopramidi. Hizo zisinunuliwe bila daktari. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walipunguza matumizi yake hadi siku 5, kwa sababu inaweza kuleta mikakamao na mitikisiko ya mwili isiyozuilika. Vidonge vya maumivu aina ya ibuprofeni, vikimezwa usiku bila maji ya kutosha, huweza kukwama na kuchubua kiungo. Kila kidonge kimezwe mtu akiwa ameketi, maji ya kutosha, kabla ya saa ya kulala.

Kuinama

Usiku hutengenezwa na jioni pia. Mwanamke anayedeki chumba au kufua kwa beseni mara baada ya kula hukisukuma chakula juu kwa kila mkunjo wa kiuno. Afue asubuhi kabla ya mlo, adeki kwa mopu ya mpini mrefu, na beseni aliweke juu ya stuli. Kwa anayeswali, sijda baada ya chakula hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa anaruhusiwa kuswali juu ya kiti. Mkanda wa suruali ulegezwe, na kanga isikazwe tumboni.

Wanaolala karibu naye

Mke anayeamka mara tatu kubadilisha foronya, kisha saa kumi na moja aende Marikiti kununua mboga za kuuza, naye anachoka kama mgonjwa. Wapo wagonjwa wanaohamia kulala kwenye kiti kwa ajili ya haya, wapo wanaoacha kula kabisa kuanzia saa sita mchana ili wasiwasumbue watoto, na mwili unaisha. Kuketi kitini kwa wiki chache baada ya upasuaji si vibaya, ila kujinyima chakula ni njia ya kurudi hospitalini. Zamu husaidia: mtoto mkubwa ashike usiku wa Ijumaa, ndugu aje Jumamosi. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, huwahudumia wagonjwa wa saratani na familia zao kwa maumivu na kwa ushauri, mambo ambayo kliniki ya upasuaji haina muda nayo.

Zipo dalili zisizongoja. Homa yenye kikohozi na pumzi fupi, damu katika matapishi, choo cheusi kama lami, maumivu makali ya kifua, au chakula kinachogoma kushuka hata kikiwa laini. Hiyo ya mwisho mara nyingi ina maana kwamba kiungo kimejibana kwa kovu, na hupanuliwa kwa kamera bila kupasua tena. Mkazi wa Umoja au Kayole anaweza kuanzia Mama Lucy Kibaki kabla ya safari ya matatu mbili hadi Kenyatta. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 malipo ya bima ya serikali yamehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa hiyo familia ihakikishe usajili wa mgonjwa na mchango wake mapema, sio siku ya dharura.

Nafasi nzuri kuliko zote ni siku ya kutoka wodini, wakati muuguzi yupo, daktari anapita na karatasi haijapigwa muhuri. Aliyekuja kumchukua mgonjwa aulize kiungo kiko kifuani au shingoni, mfuko wa tumbo umebaki mahali pake au umevutwa juu, na mwinamo wa kitanda uwe nyuzi ngapi. Majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi ile ile ya dawa. Kisha apige simu nyumbani, fundi apime kitanda kabla teksi haijafika mlangoni.